Kuxa Kanema: Filamu za Msumbiji na Kumbukumbu ya Taifa

Somo letu la leo latoka ng'ambo ya Mto Ruvuma. Tumezoea kuitaja Msumbiji tunapozungumzia ukombozi wa kusini mwa Afrika, na ni haki, kwani chama cha FRELIMO kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Leo, hata hivyo, tutaitazama nchi hiyo kwa mlango mwingine, yaani mlango wa sinema. Mwaka 2003 mtengeneza filamu Margarida Cardoso, aliyezaliwa Ureno na kulelewa Msumbiji, alitoa filamu ya makala yenye dakika 52 tu, iitwayo Kuxa Kanema. Filamu hiyo yasimulia jinsi taifa changa lilivyojipiga picha lenyewe kwa miaka kumi na moja, na jinsi picha hizo zilivyokuja kuachwa zioze katika chumba cha nyuma cha jengo lililoungua.

Mwanafunzi anaweza kuuliza: filamu kuukuu zina uhusiano gani na uraia? Jibu la swali hilo ndilo kiini cha makala haya.

Taifa lililoanza na kamera

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, miaka kumi na tatu kamili tangu FRELIMO iundwe. Hazina ilikuwa tupu, mafundi na watumishi wengi wa Kireno walikuwa wakiondoka, na zaidi ya asilimia 90 ya wananchi hawakujua kusoma wala kuandika. Katika hali kama hiyo mtu angetarajia kwamba utamaduni ungewekwa kando usubiri zamu yake. Serikali ya Rais Samora Machel haikufanya hivyo. Kabla ya mwaka mmoja wa uhuru kutimia, ilikwisha kuunda Taasisi ya Taifa ya Sinema, na taasisi hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa matendo ya kwanza kabisa ya serikali mpya katika uwanja wa utamaduni.

Hoja ya Machel ilikuwa nyepesi kueleweka. Gazeti halimfikii asiyejua kusoma. Redio humfikia, lakini haimwoneshi uso wa mwenzake. Msumbiji ni nchi ndefu, yenye lugha nyingi, na mkulima wa Cabo Delgado hakuwa amepata kumwona mfanyakazi wa bandari ya Maputo. Filamu ndiyo iliyoweza kuwakutanisha. Isitoshe, viongozi wa FRELIMO walikwisha kuujua uwezo wa kamera tangu msituni. Wakati wa vita, wageni kutoka Yugoslavia, Uingereza na Marekani walivuka mpaka kutoka Tanzania wakaenda kupiga picha katika maeneo yaliyokombolewa. Dragutin Popović wa Yugoslavia, Robert Van Lierop wa Marekani na Margaret Dickinson wa Uingereza ni baadhi yao. Picha zao ziliionesha dunia kwamba kulikuwa na shule, mashamba na zahanati katika nchi ambayo Ureno ilidai kwamba yote i mikononi mwake. Basi uhuru ulipopatikana, swali lililobaki lilikuwa ni lini wananchi wenyewe watashika kamera.

Walishika. Vijana waliofundishwa upigaji picha, unasaji wa sauti na uhariri walipelekwa mikoani. Wageni nao walikuja. Ruy Guerra, mzaliwa wa jiji hilohilo la Maputo lilipokuwa likiitwa Lourenço Marques, alirejea kutoka Brazil alikokuwa amejipatia jina kubwa. Jean Rouch wa Ufaransa aliendesha mafunzo katika Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane. Jean-Luc Godard alifika mwaka 1978 kufikiria namna ambavyo televisheni ingeweza kuanzishwa katika nchi isiyokuwa nayo.

Kazi iliyowafikia wananchi wengi zaidi, hata hivyo, ilikuwa ile iliyoitwa Kuxa Kanema, nayo ndiyo iliyoipa filamu ya Cardoso jina lake. Hiyo ilikuwa taarifa ya habari ya filamu, yenye urefu wa dakika kumi hivi, iliyotolewa kwanza mwaka 1978, kisha kila wiki kuanzia mwaka 1981. Katika miji ilioneshwa kwenye kumbi za sinema. Vijijini ilipelekwa kwa magari maalumu yaliyotoka Umoja wa Kisovieti, yenye mtambo wa kuoneshea filamu. Shabaha yake ilikuwa kuichukua taswira ya watu na kuirudisha kwa watu wenyewe.

Neno na maana yake

Tusimame kidogo katika jina, maana sisi ni wanafunzi wa lugha. Kuxa Kanema ni maneno yaliyounganishwa kutoka katika lugha za Msumbiji, yaani Kironga cha kusini na Kimakua cha kaskazini, ili jina lenyewe liwe ishara ya umoja. Hufasiriwa kuwa kuzaliwa kwa sinema. Herufi "x" husomwa kama "sh" yetu. Msemaji wa Kiswahili akilisikia neno kuxa hawezi kukosa kuhisi ujamaa wake na kitenzi chetu "kucha", kile tunachokitumia tunaposema kumekucha, au usiku kucha. Lugha za Kibantu ni ndugu, na hapa udugu huo wajitokeza waziwazi: kwao ni kupambazuka, na kwetu ni kupambazuka.

Neno la pili la kuangaliwa ni "kumbukumbu". Kiswahili kimelipa neno hili maana mbili. Maana ya kwanza ni yale yaliyomo katika akili ya mtu anayekumbuka. Maana ya pili ni maandishi au vitu vinavyohifadhi jambo lisisahaulike, kama tunaposema kumbukumbu za mkutano. Filamu ya taifa huziunganisha maana zote mbili. Ni kitu cha kushikika kwa mkono, na papo hapo ni fikra ya watu. Kitu kikiharibika, fikra nayo hupungukiwa.

Moto, vita na siki

Taarifa za Kuxa Kanema zilizotolewa zinakaribia 400. Kuna pia filamu fupi za makala zaidi ya mia moja, na filamu ndefu chache. Ni hazina kubwa kwa nchi iliyokuwa vitani karibu muda wote huo. RENAMO, ikisaidiwa kwanza na utawala wa walowezi wa Rhodesia na baadaye na makaburu wa Afrika Kusini, iliteketeza shule, zahanati na njia za reli. Magari ya sinema hayakuweza tena kufika vijijini. Tarehe 19 Oktoba 1986 ndege ya Rais Machel ilianguka Mbuzini, ndani ya Afrika Kusini, naye akafa pamoja na wengi wa msafara wake. Kuxa Kanema nayo ilikoma wakati huohuo. Mwaka 1987 nchi iliingia katika mpango wa kurekebisha uchumi uliopunguza matumizi ya serikali. Mwaka 1989 FRELIMO iliacha itikadi yake ya Kimarx, na katiba ya mwaka 1990 iliondoa neno "Watu" katika jina la jamhuri. Taasisi ya Sinema ikawa kama mtumishi wa nyumba ambayo mwenyewe amehama.

Kisha, Februari 1991, moto ukaizukia. Uliteketeza sehemu kubwa ya majengo na mitambo. Kilichosalia katika jengo la pembeni ni makopo ya filamu, mamia kwa mamia, katika jiji la pwani lenye joto na unyevu. Huko ndiko kamera ya Cardoso inakotupeleka: kwenye kuta nyeusi kwa moshi, na kwenye rafu zilizobeba picha za miaka kumi na moja ya kwanza ya uhuru.

Yafaa tuelewe filamu hufa vipi, kwa sababu wengi hudhani kwamba ikiwa haikuungua basi ipo salama. Katika mkanda wa milimita 35, sekunde moja ya kutazama huhitaji picha 24. Dakika kumi za Kuxa Kanema, kwa kipimo hicho, ni picha 14,400, katika utepe wenye urefu unaozidi mita 270. Utepe wenyewe, kwa filamu nyingi za zama zile, hutengenezwa kwa asetati ya selulosi. Joto na unyevu vikizidi, asetati huanza kuvunjika na kutoa asidi, ileile inayopatikana ndani ya siki. Ndiyo maana mtunza ghala akifungua kopo lililoharibika hupigwa na harufu ya siki kabla hajaona kitu. Asidi hiyo huongeza kasi ya uharibifu, na mvuke wake huweza kuyaambukiza makopo ya jirani. Utepe husinyaa, hujikunja, huwa mkavu wa kukatika, na mwishowe haupiti tena katika mtambo wowote. Dawa ya kuponya hakuna. Kilichopo ni kuchelewesha tu: baridi, ukavu, hewa safi, kutenganisha mikanda iliyougua na iliyo mizima, kisha kuinakili kabla muda haujakwisha.

Wahenga walituachia msemo unaofaa hapa: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tofauti ni kwamba ukuta hujengeka upya, ilhali picha iliyoliwa na asidi hairudi.

Kile kinachopotea

Tuchukue mfano mmoja. Tarehe 16 Juni 1960, mjini Mueda katika uwanda wa Wamakonde, watu wengi walikusanyika mbele ya ofisi ya utawala wa Kireno. Miongoni mwa waliozungumza kwa niaba yao walikuwamo Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliokuwa wametoka Tanganyika, ambako Wamakonde wengi walikuwa wakifanya kazi. Walidai uhuru. Walikamatwa, umati ukakasirika, na askari wakafyatua risasi. Idadi ya waliouawa ingali ikibishaniwa: FRELIMO ilitaja watu wapatao 600, ilhali upande wa Ureno ulitaja idadi ndogo mno.

Hakuna filamu ya siku ile. Lakini baada ya uhuru, wakazi wa Mueda walikuwa wakiigiza tukio hilo kila mwaka, palepale lilipotokea, na baadhi ya waigizaji wenyewe walikuwa mashahidi. Ruy Guerra alikwenda na kamera yake akaurekodi mchezo huo, akachanganya na ushahidi wa walionusurika. Filamu hiyo, Mueda, Memória e Massacre, ya mwaka 1979, huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya kubuni ya Msumbiji, japo ni vigumu kusema ubuni waishia wapi na ushahidi waanzia wapi. Mzungu anaigizwa na Mwafrika, na watazamaji wa uwanjani wanamcheka. Kicheko hicho hakimo katika taarifa yoyote ya polisi wala katika hotuba yoyote ya chama. Kimo katika mkanda wa filamu peke yake. Mkanda ukioza, tutabaki na mabishano ya idadi, nasi tutakuwa tumepoteza namna watu wenyewe walivyochagua kuukumbuka msiba wao.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, nao ni muhimu kwa elimu ya uraia. Mwaka 1982 Samora Machel aliwaita raia waliokuwa wameutumikia utawala wa kikoloni, wakiwamo waliokuwa watumishi wa polisi ya siri, akawahoji hadharani mbele ya kamera. Katika picha hizo twamwona kiongozi mcheshi na mkali kwa wakati mmoja, na twaona nyuso za watu wanaojieleza mbele ya mwenye mamlaka yote. Je, huo ulikuwa upatanisho au ulikuwa udhalilishaji? Watazamaji hutofautiana, na wana haki ya kutofautiana. Lakini ili watofautiane kwa hoja, sharti picha ziwepo. Hifadhi si jumba la kuwasifia viongozi. Filamu za Kuxa Kanema zilikuwa za serikali, zilihaririwa ili zifundishe na zishawishi, na hata filamu ya Mueda sehemu zake kadhaa zilibadilishwa kwa sababu za kisiasa. Haya yote ni sababu ya kuzihifadhi, wala si sababu ya kuzitupa. Kizazi kisichoweza kuziona propaganda za jana hakitazitambua za leo.

Nani mwenye ufunguo?

Kuna swali jingine ambalo nchi zote za ukanda wetu zinalo. Picha za Msumbiji zimetawanyika. Baadhi zimo Maputo, na nyingine zimo Lisbon, London, Berlin na Belgrade, kwa kuwa waliozipiga walirudi nazo kwao au kwa kuwa maabara zilizozisafisha zilikuwa huko. Ghala la ng'ambo lina baridi, lina umeme usiokatika, lina mafundi. Yumkini kuna filamu ambazo leo zipo kwa sababu tu zilihifadhiwa huko. Shukrani hiyo haifuti ukweli wa pili, kwamba mwanafunzi wa Pemba au Nampula hana nauli ya kwenda kumtazama babu yake Ulaya.

Kwetu Tanzania hali si ngeni. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri mkoani Tanga, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, na Waafrika ndio waliokuwa waigizaji wake. Zilitengenezwa filamu 35. Zinazojulikana kuwa zimesalia ni tatu, nazo zimehifadhiwa Uingereza. Nyuso na mienendo ya wazee wetu katika filamu zile nyingine zimekwenda na utepe wake.

Njia inayosemwa sana siku hizi ni kuzihamishia filamu katika mfumo wa dijitali. Njia hiyo ni njema, maana nakala ya dijitali huweza kusafiri mahali ambapo mkanda hauwezi, na huweza kurudishwa nyumbani hata kama mkanda wa asili umebaki ugenini. Lakini tusidanganyike kwamba kazi imekwisha hapo. Faili huhitaji kunakiliwa tena na tena, kwa kuwa mashine huzeeka haraka kuliko filamu. Kinachohitajika zaidi ya mashine ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kopo la filamu lisilo na jina, tarehe, mahali na majina ya watu waliomo ni mali ya namna hiyo. Fundi wa Lisbon anaweza kuusafisha utepe ukang'aa, lakini hawezi kumjua bibi anayetwanga mahindi katika picha. Anayeweza kumjua ni jirani wa bibi huyo, naye amezeeka.

Mtengeneza filamu wa Uholanzi, Ike Bertels, alitupa funzo hapa. Aliona nyuso za wanawake vijana wapiganaji katika filamu ya zama za vita vya ukombozi, akaenda Msumbiji kuwatafuta. Aliwapata, akarudi kuwatembelea kwa miaka mingi, na mwaka 2012 akatoa filamu inayowaonesha wakiwa mabibi wenye wajukuu. Wasichana wasio na majina wakawa Amélia, Maria na Mónica. Kumpa mtu jina lake katika picha ni sehemu ya uhifadhi, nayo haihitaji ghala la baridi.

Wajibu wetu

Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO, lilipitisha tarehe 27 Oktoba 1980 pendekezo la kuzihimiza nchi zote zilinde picha zao zinazotembea kama zinavyolinda majengo na vitabu. Kwa ajili hiyo tarehe 27 Oktoba huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Urithi wa Sauti na Picha Duniani. Pendekezo si sheria, na maadhimisho si bajeti. Serikali zinapogawa fedha, hospitali na barabara hutangulia, na hakuna anayeweza kuzilaumu kwa hilo. Lakini raia anayejua thamani ya kumbukumbu anaweza kuuliza maswali yenye uzito. Filamu za Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968, zimo wapi, na katika hali gani? Kanda za redio za miaka ya Azimio la Arusha zimenakiliwa? Sheria inamruhusu mwanafunzi wa sekondari kuziona na kuzisikiliza, au zimefungiwa zisioneshwe kwa mtu? Maswali kama haya ni sehemu ya uraia kwa kiwango kilekile cha kuuliza juu ya maji na madawati.

Nanyi wanafunzi wa Kiswahili, popote mlipo, mna kazi yenu. Tazameni filamu ya Cardoso mkiipata. Mtasikia Kireno, mtaona nchi isiyo yenu, lakini mtaelewa mengi bila mkalimani. Kisha fungueni albamu za nyumbani. Geuzeni kila picha, na nyuma yake, kwa penseli laini, andikeni ni nani, ni wapi, ni lini, na nani aliyewaambia. Fanyeni hivyo wakati wa kuwauliza wazee ungalipo. Waliojenga Taasisi ya Sinema ya Msumbiji waliamini kwamba kupambazuka kwa taifa kunastahili kuonekana. Sisi tuliozaliwa baada ya alfajiri hiyo twaweza angalau kuandika majina ya waliokuwa macho.